Kisigino kinanizuia kutembea, na kutotembea kunanizidishia uzito: nianzie wapi?

#1 MshonajiTudor

Assalam alaikum wanajukwaa.

Mimi ni mama wa miaka 47, mkaazi wa Tudor, Mombasa, na kazi yangu ni kushona madera na sare za shule. Kwa miezi saba sasa kisigino cha mguu wa kulia kinaniuma. Ninapoamka kwa swala ya alfajiri, hatua nne au tano za kwanza huwa kama ninakanyaga msumari, hivyo hushika ubao wa kitanda, kisha mlango, kisha ukuta wa ukumbini, mpaka nifike bombani kutawadha. Nikishatembea kidogo maumivu hupoa, lakini nikikaa kwenye cherehani saa moja nzima kisha nikainuka, msumari ule ule hunisubiri sakafuni.

Kabla ya hapo nilikuwa nikitembea pale bustani ya ufuoni ya Mama Ngina mara tatu kwa wiki pamoja na jirani zangu, tunazunguka, tunamalizia kwa dafu na mhogo wa kukaanga. Nimeacha. Tangu niache, uzito umetoka kilo 89 hadi kilo 98. Urefu wangu ni sentimita 160, na nimeambiwa kuwa hesabu yangu ya uzito kwa urefu imefika 41. Nilipokwenda kutibiwa niliambiwa kwa ufupi: "Punguza uzito kwanza, tembea." Sasa mimi nadai hivi, na atakaye anikosoe: anayemwambia mtu mnene anayeumwa na mguu akatembee hajaelewa alichoulizwa. Nianzie wapi, kwenye kisigino au kwenye uzito?

#2 HamaliKongowea

Pole sana, mama. Mimi ninapinga jambo moja tu, nalo ni hilo la kuusingizia uzito. Nina kilo 58, mashati yangu yote yananipwaya, na kisigino kiliniuma mwaka mzima kwa mtindo huo huo wa asubuhi. Kama ni unene, wangu uko wapi? Maumivu haya yana njia yake yenyewe na hayachagui mnene wala mwembamba.

#3 MwalimuChangamwe

Kabla hatujaenda mbali, turekebishe hesabu. Kilo 98 zikigawanywa kwa 1.6 mara 1.6, yaani kwa 2.56, jibu ni 38.3, wala si 41. Ili upate 41 ni lazima urefu uwe sentimita 155 hivi. Ama aliyekupima alikosea, ama wewe, mama, umejiongezea sentimita tano. Kwa vyovyote vile umevuka 30, ambayo ndiyo mahali pa kuanza kuhesabiwa unene wa kupindukia, kwa hiyo hoja yako haibadiliki. Nimeona tu namba isipite bila kukaguliwa.

#4 MshonajiTudor

Mwalimu, umenishika. Zile sentimita 160 nilipimwa zamani nikiwa na viatu vya mchuchumio. Endeleeni.

#5 TabibuWaViungo

Ninafanya kazi ya tiba ya viungo, na ingawa siwezi kumpima mtu kupitia maandishi, maumivu ya hatua za kwanza za asubuhi ambayo hupoa kwa kutembea na kurudi baada ya kukaa yanafanana mno na tatizo la utando wa wayo. Huo ni ukanda mnene unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye mashina ya vidole, na ndio unaolishikilia tao la mguu. Usiku, mguu unapolala umenyooka, ukanda hujikunyata. Asubuhi ukikanyaga ghafla, huvutwa pale pale uliposhikana na mfupa.

Uzito unaingia kwa njia iliyo wazi. Katika kutembea, mguu mmoja hupokea kwa kila hatua mzigo unaozidi kidogo uzito wa mwili mzima, na katika kukimbia mzigo huo hufika mara mbili hadi tatu. Hata hivyo, ndugu Hamali hajasema uongo, kwani wembamba pia hupatwa, hasa wanaosimama kutwa, wenye misuli ya mashavu ya mguu iliyokaza, na wale walioongeza mwendo kwa ghafla.

Kwa mleta uzi: watu wengi hupona bila kupasuliwa, lakini ni jambo la miezi, na wakati mwingine la mwaka mzima. Kabla hujashuka kitandani, kamata vidole vya mguu kwa mkono uvivute kuelekea ugokoni, hesabu hadi 10, urudie mara kumi. Kisha liko zoezi la pili, zito zaidi: iviringishe kanga, iweke kwenye kidato cha ngazi, uweke vidole juu yake ili vikunjike kuelekea juu, kisigino kining'inie nje, panda kwa sekunde 3, tulia kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Shika ukuta, maana hilo si zoezi la kujionyesha.

#6 BabuMjiWaKale

Nyote mnauacha mlango mnapita dirishani. Nilipokuwa mdogo nyumba zetu zilikuwa na sakafu za chokaa zilizotandikwa mikeka, na mtu akitoka nje alivaa makubadhi. Leo kila nyumba imewekwa vigae vinavyong'aa kama kioo, na akina mama wanavikanyaga peku kutwa nzima, kutoka jikoni hadi uani. Kisigino kinapigwa na jiwe mara elfu kwa siku, halafu mnatafuta sababu kwenye mizani!

#7 BintiBuxton

Shikamoo babu. Kwa heshima zote, nyumbani kwa bibi yangu tulirithi jozi ya mitalawanda, na ule ni ubao mtupu, mgumu kuliko kigae chochote, nao waliivaa wakiingia na kutoka msalani miaka nenda miaka rudi. Mbona hatukusikia visigino vyao vikilia?

#8 BabuMjiWaKale

Marahaba. Hamkusikia kwa sababu zamani watu hawakuwa na jukwaa la kulilia.

#9 MkaaLikoni

Mimi ni muuguzi mstaafu, na ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa. Tunazungumza kana kwamba mafuta ya mwilini ni gunia tu lililopakiwa juu ya mguu. Si hivyo. Mafuta yaliyozidi, hasa ya tumboni, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini kote. Ushahidi wake rahisi ni mikono: watu wanene huugua zaidi uchakavu wa viungo vya vidole vya mikono, na hakuna anayetembea kwa mikono. Kwa hiyo huenda kisigino cha mleta uzi kinaumia mara mbili, kwa kubebeshwa na kwa kuchochewa.

Nimesoma pia kwamba kila kilo moja unayopunguza humwondolea mtu mzigo wa kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo hata kilo tano si kidogo kwa kisigino.

#10 TabibuWaViungo

Bi Mkaa, hoja ya mikono ni nzuri, nami naikubali. Ila hiyo ya kilo moja kwa nne ilipimwa kwenye goti, kwa watu wazima wanene wenye uchakavu wa goti. Goti lina wenzo wake na misuli inayolibana, ndiyo maana mzigo unazidishwa. Tusiihamishie kisiginoni.

#11 MkaaLikoni

Nimesahihishwa, ahsante.

#12 MwalimuChangamwe

Nimekaa nikimfikiria HamaliKongowea na kilo zake 58, na naona tumemwachia apite na ushindi ambao si wake. Ndugu, gunia la viazi unalobeba lina kilo ngapi?

#13 HamaliKongowea

Kilo 50, mwalimu. Zamani yalikuwa yakijazwa hata kuzidi 100, yale magunia ya kufungwa kwa kamba juu tuliyoyaita mikebe.

#14 MwalimuChangamwe

Basi 58 na 50 ni 108. Ukiwa kazini, wewe ni mnene kuliko mleta uzi kwa kilo kumi, na kisigino chako hakijui kama mzigo umo ndani ya ngozi au umewekwa begani. Shahidi wako amegeuka kuwa shahidi wetu.

#15 HamaliKongowea

Nimecheka mpaka mwenye duka amenitazama. Nakubali nusu, lakini mimi gunia nalitua jioni, na kisigino kiliuma hata mwezi ule nilipokuwa nyumbani bila kazi. Na mbona kimoja tu, ilhali mabega yote mawili yanabeba?

#16 FundiMwembeTayari

Swali hilo la kisigino kimoja ndilo lililoniingiza kwenye uzi huu. MshonajiTudor, mimi pia ni mshoni. Cherehani yako ni ya kukanyaga kwa miguu miwili au ni ya umeme? Na kama ni ya umeme, pedali unaibonyeza kwa mguu gani?

#17 MshonajiTudor

Ni ya umeme, niliinunua mwaka jana kabla ya msimu wa sare. Naibonyeza kwa mguu wa kulia. Subhanallah, sikuwahi kufikiria.

#18 FundiMwembeTayari

Nami wangu uliouma ni wa kulia. Ukiitazama vizuri utaona kwamba kisigino kinakaa sakafuni kama bawaba, vidole vinapanda na kushuka, na shavu la mguu linakaza kwa saa nane. Mimi nilihamishia pedali kushoto na nikaweka kibao chini ya kisigino. Wiki ya kwanza mishono yangu ilikwenda kama nyoka.

#19 KibaruaWaFeri

Nami nina maoni tofauti. Ninavuka Likoni kila siku kwenda na kurudi, na pale mtu hushuka mteremko wa saruji kwa haraka na kuupanda mwingine kwa haraka zaidi, maana nyuma kuna watu elfu wanaomsukuma. Kupanda ndiko kunakoniumiza, si uzito, kwani mguu unakunjwa juu huku mwili unaelekea mbele. Nilipigwa picha ya eksirei nikaonyeshwa mwiba wa mfupa chini ya kisigino, nikaambiwa huo ndio unaonichoma.

#20 TabibuWaViungo

Mwiba huo husingiziwa mengi. Watu wengi wanao na hawaumwi kabisa, na wengine wanaumwa bila kuwa nao. Ulipigwa picha miguu yote miwili?

#21 KibaruaWaFeri

Yote miwili. Mwiba uko pande zote mbili. Unaouma ni wa kushoto peke yake. Sasa ndiyo kwanza naona kwamba nililipia picha ya kitu kisichonihusu.

#22 JiraniWaMtopanga

Huu wote ni jongo, ndugu zangu. Acheni nyama ya mbuzi, mtapona.

#23 MkaaLikoni

Jongo kwa kawaida huanza kwenye kidole gumba cha mguu, hutokea ghafla, mara nyingi usiku, na mahali hapo huvimba, huwa pekundu na hata shuka likigusa mtu hulia. Alichoeleza mleta uzi sicho. Kuhusu kupunguza nyama sikukatazi.

#24 NahodhaMstaafu

Nitasimulia yangu kwa sababu inaweza kumwokoa mtu. Nina miaka 66, nina kisukari, na nilikuwa na kilo 104. Miguu iliniuma chini kwa namna ya kuwaka na kuchomwachomwa sindano, zaidi usiku. Rafiki akanishauri nikae na beseni la maji moto yenye chumvi. Nikamimina, nikatia miguu, nikasikia vuguvugu la kupendeza nikiendelea kusoma gazeti. Mke wangu alipokuja kuondoa beseni alitia kidole, akakitoa kwa kelele. Mimi nilikuwa nimekaa robo saa. Ngozi ya nyayo ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na kidonda kimoja kilichukua miezi mitano kufunga.

Mleta uzi, kabla ya vigae, pedali na miteremko, kapime sukari. Mtu mwenye uzito mkubwa anayeumwa na miguu asidhani kila maumivu ni ya ukanda.

#25 MshonajiTudor

Pole sana, baba. Nilipima mwezi uliopita na sukari iko sawa, alhamdulillahi. Ila beseni la chumvi nami nilikuwa nalo kila Ijumaa. Tangu leo nitatanguliza kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga.

#26 MwogeleajiBamburi

Mnabishana kuhusu chanzo, na mama aliuliza aanzie wapi. Jibu langu ni baharini. Maji yakifika kiunoni yanakubebea takriban nusu ya uzito wako, na yakifika kifuani miguu hubaki na kama theluthi tu. Maana yake mama wa kilo 98 ndani ya maji hayo anatembea kwa miguu ya msichana mdogo. Mimi nilikuwa na kilo 112 na visigino vyote viwili vibovu. Nikawa ninaingia ufuo wa Pirates mara nne kwa wiki, sikuogelea, nilitembea tu, nusu saa kwenda na kurudi sambamba na ufuo. Madera mengi huingia pale asubuhi, hutakuwa peke yako.

Angalia maji. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa utatembea mbali mno kabla hujapata maji ya magoti, na yakijaa sana yanasukuma. Nenda yakiwa nusu yanajaa. Na vaa viatu vya mpira, kwa sababu samaki aitwaye taa hujilaza mchangani na hapendi kukanyagwa.

#27 BintiBuxton

Shangazi yangu aliambiwa atembee peku kwenye mchanga wa ufuoni, na akapona kabisa.

#28 TabibuWaViungo

Nami nimewapokea wawili walioharibikiwa zaidi kwa kutembea peku kwenye mchanga laini, kwa sababu kisigino huzama, na shavu la mguu na ukanda huvutwa kupita kiasi. Mchanga mgumu uliolowa nao umeinama kuelekea baharini, hivyo mguu mmoja huwa juu na mwingine chini.

#29 BintiBuxton

Lakini shangazi alipona.

#30 BabuMjiWaKale

Mwacheni shangazi na kupona kwake.

#31 MwanakwayaMikindani

Naomba kuuliza upande mwingine. Mimi nina kilo 91 na kisigino hiki hiki, na nilichomwa sindano kwenye kituo kimoja. Nilifurahi kwa wiki sita, nikarudi kusimama na kwaya, kisha maumivu yakarudi. Niliporejea kwa ya pili, niliambiwa kwamba sindano zikizidi ukanda unaweza kukatika. Tangu hapo nimekaa tu, na suruali hazifungi. Nimesikia pia kwamba mazoezi ya chini ya dakika kumi mfululizo hayahesabiki, nami dakika kumi za kusimama siziwezi.

#32 MkaaLikoni

Hilo la dakika kumi lilikuwa kweli zamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliondoa. Mwongozo huo unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na kila kipande kinahesabiwa, hata cha dakika tatu. Na haikuandikwa popote kwamba lazima usimame. Kaa kwenye kiti, chukua chupa mbili za maji za lita moja, uzinyanyue huku ukiimba sauti yako ya kwaya. Utahema.

#33 SheikhMdogoMajengo

Kuna jambo ambalo Waislamu humu mtalielewa. Kwenye tahiyatu tunausimamisha mguu wa kulia huku vidole vimekunjwa kuelekea kibla. Nilipokisoma kile kipande cha #5 kuhusu kuvuta vidole, niligundua kwamba ni mvuto ule ule, na tunaufanya kila siku. Je, hiyo si dawa tayari?

#34 MshonajiTudor

Sheikh, mimi hapo ndipo panaponiuma kuliko popote, mpaka ninakaa upande. Na mwezi wa Ramadhani niliswali tarawehe rakaa nane nikiwa nimesimama, zilizobaki kwenye kiti. Kisha usiseme kufunga kunapunguza uzito. Kwangu mimi kaimati na viazi karai vilirudisha kila kilichoondoka mchana, na juu yake riba.

#35 TabibuWaViungo

Ndugu Sheikh, mvuto ni ule ule, lakini kuufanya polepole kwa mkono si sawa na kuukalia kwa kilo 98. Kwa mwenye uzito huo, aliyosema mama ni sahihi: akae atakavyoweza.

#36 MshonajiTudor *(baada ya wiki sita)*

Nimerudi kutoa habari, kwa kuwa niliwasumbua.

Nimefanya zoezi la kanga kwenye ngazi ya nyumba yetu, kila baada ya siku moja. Watoto wa jirani wamekuwa wakinihesabia kwa sauti, na wanaruka namba ili nimalize haraka. Pedali nimeihamishia kushoto, na kweli sare mbili za shule zilitoka na kola za kupinda. Ndani ya nyumba sikanyagi tena vigae bila viatu. Nilijaribu pia kuviringisha wayo juu ya chupa ya maji iliyoganda, lakini chupa hiyo hukaa kwenye friza pamoja na papa, na mume wangu aliinywa bila kuuliza. Sitasema zaidi.

Hatua za uchungu za asubuhi zimepungua, sasa ni mbili, siku nyingine moja. Juzi nilikwenda Mama Ngina nikatembea dakika kumi na mbili kwa saa ya simu, nikakaa kwenye ukuta, nikarudi dakika kumi na mbili. Uzito ni kilo 98 na nusu.

#37 HamaliKongowea

Kilo 98 na nusu! Uzito umeongezeka na kisigino kimepoa. Nilisema nini mimi kwenye #2?

#38 MkaaLikoni

Wiki sita ni chache mno kwa uzito, na kisigino chake bado kinauma. Usianze kushangilia, ndugu yangu.

#39 MwalimuChangamwe

Mama, hongera. Lakini nisaidie: katika kanga, pedali na viatu, kipi kilichosaidia? Na tusisahau kwamba ulipokuja kwetu ulikuwa umeshatimiza miezi saba, na kuna wanaopona kwa muda tu.

#40 MshonajiTudor

Mwalimu, nilivianza vyote wiki moja, kwa hiyo sina la kukuambia. Ukitaka nivipime kimoja kimoja, itabidi uje unishonee sare wakati mimi nimekaa na msumari wangu.

#41 FundiMwembeTayari

Ni pedali.

#42 BabuMjiWaKale

Ni vigae.

#43 KibaruaWaFeri

Mleta uzi, hiyo kanga unaiviringisha kwa upana au kwa urefu? Nimejaribu jana usiku na imenifunguka mguuni, nikakaribia kuanguka ngazini.

#44 MshonajiTudor

Kwa upana, kisha nimeishonea ncha zote mbili zisifunguke. Nina jozi za kanga kuukuu hapa. Pita Tudor Jumamosi nikushonee moja, uvuke nayo Likoni.